Kamba ya Usumba

Saa tatu ya Wete ni saa nane ya Manila.
Nimeiandika ukutani kwa chaki, juu ya mtungi,
nisije nikafika tena kama wiki ile
wenzangu wakiagana.

Mtandao hapa Limbani haushiki sebuleni.
Hushika uani tu, baina ya banda la kuku na mpapai,
na hapo pia mpaka usimame wima,
kama anayengojea zamu yake ya mfereji.
Basi nimesimama. Juu koti la mahakamani,
chini kanga ya kupikia.
Wao wananiona hadi mabegani.

Mada: Dharura na Mipaka ya Dola.
Arunima wa Dhaka anapanga vifungu
kama anayepanga sahani za walima,
hiki kisigusane na hiki.
Rodelio anasimulia jirani yake wa Manila
aliyetozwa faini akitoka kununua chumvi,
na chumvi yenyewe hakuipata.
Profesa Wiryono ameganda, mdomo wazi,
mkavu kama papa wa ng'onda. Hakuna anayecheka.
Jogoo wangu naye ana hoja. Nazima kipaza sauti.

Kisha Nirmala, wa Colombo.
Haonyeshi slaidi. Anauliza tu:
aliyekufa kwa maradhi haya, mwili wake ni wa nani?
Wa waliomzaa, wa dini yake, au wa waziri?
Ndani ya visanduku vyetu vidogo
wote tukainama tukaandika:
ulazima, uwiano, maslahi ya umma.
Maneno mazuri. Nnayapenda.
Nimeyasomea kwa mkopo ambao bado unanidai.

Nyuma yangu mama anasuuza glovu.
Jozi ni moja. Anaining'iniza kwenye kamba ya nguo,
vidole kumi vinatazama chini, vinadondoka.

Bi Mize binti Faki, muosha wa mtaa huu
tangu mimi sijaanza skuli.
Usiku wa Jumapili waligonga. Hawakutaja jina la ugonjwa;
walisema "kifua",
kama mtu asemavyo mvua imekatika.
Akaenda na barakoa niliyomshonea
kwa pindo la pazia.
Aliporudi hakupita mlangoni.
Alikata kamba ya usumba,
akaifunga kutoka mpapai mpaka birika:
"Huku wewe. Huku mimi. Mpaka nikwambie."
Hakuna gazeti la serikali lililotangaza.
Hakuna aliyekata rufaa.
Usiku wa nne huu analala jikoni, juu ya jamvi,
na kikohozi chake nakihesabu
ukutani, kwa chaki ile ile.

"Wanasemaje hao wenzio?"
"Wanabishana, mama. Nani mwenye haki juu ya maiti."
Akakunja uso, si kwa hasira,
kama anayetia uzi kwenye sindano.
"Haki anayo yeye mwenyewe. Maji ya mkunazi,
kafuri, sanda, watu wa kumswalia.
Waulize hao:
mwenye kumgusa, naye ana kifungu chake?"

"Zanzibar," anaita mwenyekiti, "una neno?"

Nikafungua kipaza sauti.
Jogoo akatangulia.
Nikasema, "Mama yangu anauliza",
na bando likakatika hapo,
kwenye neno anauliza,
nami nikawa papa wa ng'onda
mbele ya Bara Asia zima.

"Umewaambia?"
"Nimewaambia."
"Wakasemaje?"
"Wanafikiri."
Akaridhika. Akageuza glovu upande wa pili.

Katika daftari, chini ya swali la Nirmala,
nimeandika kama tunavyofunzwa kunukuu:
Taz. Limbani, uani, mpapai hadi birika.
Sikuandika
kwamba kila usiku, akishasinzia,
naisogeza ile kamba shubiri moja upande wake,
na kila alfajiri naikuta
imerudi pale pale,
fundo limekazwa zaidi.